Kula vizuri na kutoka nje ukiwa unaishi kwenye gari-nyumba

Wiki mbili za kwanza kila mtu ana furaha. Wiki ya tatu maswali yanaanza kuja, na huwa ni yale yale. Mbona suruali inanibana? Mbona mboga zinaoza kabla sijazila? Mbona nimekuja kuishi karibu na milima na maji, halafu vyote navitazama kupitia kioo cha mbele? Nimeyajibu moja moja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka pamoja.

Ninaposema gari-nyumba nina maana ya gari lolote lenye kitanda na jiko ndani, liwe na injini yake lenyewe au liwe karavani ya kuvutwa.

Watu wengi hudhani kinachowaangusha ni udogo wa jiko. Nimepika chakula kizuri kabisa kwenye meko mawili, na sehemu ya kukatia mboga isiyozidi ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Kinachowaangusha ni usukani. Ukiendesha kwa saa saba mfululizo unafika giza limeingia, mgongo unauma, hujui maji yanajazwa wapi. Usiku huo utakula biskuti, na asubuhi hutapanda kilima chochote. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haihusu mapishi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha kuweka ndani ya friji. Namba za kwenye kitufe cha friji hazikuambii nyuzi joto halisi za ndani.
- Pima maji, ile ya fundi ujenzi, hata ndogo ya kiganjani, na kabari za kuinulia magurudumu.
- Sufuria ya presha. Ukiwa na nafasi ya sufuria moja tu, chukua hii. Bila kifuniko inafanya kazi kama sufuria nyingine yoyote.
- Kisu kimoja kikali na ubao wa kukatia unaotosha juu ya sinki.
- Vyombo vya chakula vyenye vifuniko vya kubana, vya mraba. Vya duara huacha pembe tupu kila mahali.
- Kengele mbili za hatari: ya gesi, ifungwe chini karibu na sakafu kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, na ya kaboni monoksidi, ifungwe kama maelekezo yake yanavyosema. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.
- Kizimamoto, mahali unapoweza kukifikia bila kupita mbele ya jiko.
- Viatu vya kutembelea ambavyo mguu umeshavizoea. Vipya vivae ndani na kwenye matembezi mafupi kwanza.
- Mkoba mdogo wa mgongoni. Huu tutaurudia.

Baiskeli, kayaki, viti vya kulalia, jiko la kuchomea nyama: subiri. Kaa miezi miwili kwanza uone unapenda nini. Nimeona kayaki zilizosafirishwa maelfu ya kilomita juu ya paa bila kuguswa na maji mengine zaidi ya mvua.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku za kukaa kabla ya siku za kwenda. Mimi siendeshi zaidi ya saa tatu kwa siku, na nataka niwe nimeegesha kabla ya saa tisa alasiri. Kila siku moja ya barabarani nailipa kwa siku mbili au tatu za kutulia. Ukiwa na kazi au haraka utashindwa kufuata hesabu hiyo kila wiki, lakini shika angalau hili: siku ya kuendesha si siku ya kupika. Chakula chake kipikwe jana. Kitu cha kupasha tu, au cha kula baridi.

2. Egesha gari likae sawa. Friji nyingi za gari-nyumba zinazotumia gesi hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, ambao hurudi chini wenyewe kwa mteremko ndani ya mabomba. Gari likiinama, majimaji hayo hukwama, friji huacha kupoza, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaweza kuharibika moja kwa moja. Mara moja niliegesha kwenye mwinamo mdogo, wa kutosha tu kufanya chungwa libingirike taratibu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Nikacheka, nikalirudisha kwenye bakuli. Kesho yake jioni nilifungua friji nikapokewa na harufu ya samaki. Tangu hapo pima maji hukaa mlangoni na mimi sishushi hata kiti kabla sijaitazama. Friji za kompresa, zinazotumia umeme wa betri, hazisumbuliwi sana na mwinamo, ila zinakula betri usiku kucha.

Friji ya gesi iwashwe siku moja kabla ya kuijaza, na vinavyoingia viwe tayari vya baridi. Kipimajoto kisome nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Usiishindilie, hewa ikikosa pa kupita, rafu ya juu inaoza huku ya chini inaganda.

3. Nunua kwa mpangilio wa kuoza. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kabla ya kununua chochote jiulize kitaliwa siku ya ngapi. Mboga za majani laini ni za siku mbili tatu za mwanzo. Nyanya, matango na pilipili hoho ni za katikati ya wiki. Kabichi, karoti, boga, viazi na vitunguu ndivyo vya kukuokoa mwisho, ukiwa mbali na soko. Boga zima halihitaji friji kabisa, na kabichi ukiibandua jani moja moja kutoka nje badala ya kuikata katikati inadumu zaidi.

Viazi viweke gizani penye hewa, mbali na vitunguu. Vikikaa pamoja vinaharibiana. Ndizi mbivu na matofaa hutoa gesi ya ethilini inayoivisha vingine, kwa hiyo zitundikwe peke yake. Mayai yaliyouzwa nje ya friji yanaweza kuendelea kukaa nje mahali pa ubaridi, ila yaliyokwisha kuwekwa kwenye friji yabaki humo.

Kwenye vikavu, mpenzi wangu ni dengu, zile ndogo bapa ambazo wengine huziita adesi. Hazilowekwi, zinaiva kwa muda mfupi kuliko maharage, na zina protini na nyuzinyuzi za kutosha. Ongeza mchele, shayiri, karanga, samaki wa kopo, nyanya za kopo. Maharage ya kopo yasuuze kwa maji kabla ya kuyala, maana chumvi nyingi iko kwenye ule mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na anayekula makopo hufika hapo bila kujua.

Maboksi ya kartoni yaache yote nje ya gari. Ni takataka utakayoibeba bure, na mende hupenda kutaga humo. Vitu vizito vikae kabati za chini, karibu na ekseli. Makopo yakiwa kabatini juu, kona moja kali inatosha yakuteremkie.

4. Pika mara moja, kula mara tatu. Nikueleze kwa sufuria moja ya maharage. Jioni ya siku ya kutulia naloweka vikombe viwili. Asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya, naweka kwenye presha, na wakati inalia mimi nakatakata kabichi. Mchana: maharage ya moto na wali. Jioni: maharage yaliyopoa, kitunguu kibichi, nyanya, ndimu, mafuta kidogo, hakuna moto kabisa. Kesho yake, siku ya barabara: yaliyobaki nayaponda kwa uma nayapaka kwenye mkate. Gesi imewaka mara moja.

Angalizo la kwanza: maharage mekundu lazima yachemke kwelikweli, kwa dakika 10 angalau. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na jiko la umeme la kupika polepole linaweza kuyaacha na madhara hata kama yamelainika.

Angalizo la pili: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na ikiwa joto limepita nyuzi 32, saa moja tu. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na ndani ya gari lililoegeshwa juani unafika humo bila taabu. Wali ndio wa kuogopa zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na kuupasha upya hakuondoi sumu waliyokwisha kuitoa. Utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, kisha friji.

Angalizo la tatu: unapopika fungua dirisha na tundu la hewa la darini, hata kama nje kuna baridi. Kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke. Ndiyo ile michirizi unayoiona kwenye vioo asubuhi, na ndiyo inayoleta ukungu nyuma ya godoro. Na jiko la gesi si la kuotea moto. Jiko la mkaa halipaswi kuingia ndani kabisa, hata likiwa limebaki majivu mekundu.

5. Yahesabu maji kabla hayajakuhesabia. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa umeongeza kilo 100 kwenye gari. Maji ya kunywa yaweke kwenye chombo chake. Kama huamini chanzo chake, yachemshe: dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu.

Kwenye vyombo, ujanja ni kufuta kabla ya kuosha. Kipande cha karatasi au mwiko wa mpira unaondoa mafuta yote, halafu chupa ya kunyunyizia inamaliza kazi kwa kikombe kimoja cha maji. Maji machafu yabaki tangini hadi sehemu iliyoruhusiwa kumwagia. Ukimwaga kando ya kambi, nzi watakujulisha kosa lako kesho.

6. Toka nje kabla ya kukaa. Ukishaegesha na kusawazisha gari, usiketi. Ukikaa, umekwisha. Tembea dakika ishirini kuzunguka eneo hilo: maji yako wapi, njia inaanzia wapi, jua linazama upande gani. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Matembezi hayo ya kuwasili yakifanyika kila siku, karibu yote umeyapata bila kuita mazoezi.

Kwa safari ndefu zaidi, tumia hesabu ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 300 ni saa mbili na nusu. Ila Naismith alikuwa mpandaji hodari na hesabu yake haina muda wa kupumzika, kwa hiyo anayeanza aongeze nusu. Panga saa ya kugeuza kabla hujaondoka, na ikifika geuza, hata kama kilele unakiona.

Sasa ule mkoba. Uwe umepakiwa muda wote na utundikwe mlangoni: koti la mvua, tochi ya kichwani, filimbi, plasta, ramani uliyokwisha kuipakua kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao, krimu ya jua. Kabla ya kutoka unaongeza maji na chakula tu. Nilipoanza kuutundika mlangoni matembezi yangu yaliongezeka karibu maradufu, na sikuwa nimejilazimisha kwa lolote. Zamani nilikuwa nikitafuta soksi kwa nusu saa, kisha naahirisha.

Mwachie mtu ujumbe: njia gani, utarudi saa ngapi. Ukisikia radi, rudi ndani ya gari lililofungwa, lenye paa na bodi ya chuma, ukae hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema na mti havikukingi.

7. Beba chakula, usibebe vitafunwa. Kwa matembezi ya saa mbili tatu, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi ni bora kuliko peremende yoyote ya nguvu iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Karanga, matunda makavu, mkate wenye maharage. Mayai ya kuchemsha yaliwe mwanzo, maana ile sheria ya saa mbili haikomi kwa sababu uko mlimani. Kula kidogo kila saa, usisubiri njaa. Maji, kama nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto.

Na acha chakula cha jioni kikiwa nusu tayari kabla ya kutoka. Ukirudi na miguu inayowaka hutakata kitunguu.

8. Usiku, fungia chakula. Makombo, sufuria, mfuko wa taka na bakuli la mbwa, vyote ndani. Panya anapita kwenye tundu la ukubwa wa kidole gumba, na ameshanitafunia waya wa taa mara mbili. Penye wanyama wakubwa fuata kanuni za eneo hilo bila ubishi.

Mambo yakienda kombo

*Friji haipoi.* Angalia kwa utaratibu huu: gari limekaa sawa? Mtungi una gesi? Matundu ya hewa ya nje yameziba kwa vumbi au viota vya wadudu? Mlango unabana? Jaribu kuufunga ukiwa umekamata kipande cha karatasi. Ikichomoka bila kusita, mpira umechoka. Upande wa friji ukipigwa na jua la mchana, geuza gari.

*Moto wa jiko ni wa njano na sufuria zinapata masizi.* Gesi haipati hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo unatoa kaboni monoksidi. Zima, fungua milango, safisha vichwa vya meko. Ukirudia, mwite fundi wa gesi. Usijaribu mwenyewe na bisibisi.

*Asubuhi ya baridi gesi haitoki, na mtungi ni mzito.* Huenda mtungi ni wa butani. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Ukielekea kwenye baridi, badili mtungi. Usiupashe kwa moto, tafadhali.

*Maharage hayaivi mlimani.* Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mita 3,000 ni kama nyuzi 90 tu. Sufuria ya presha inatatua hilo. Huna? Pika dengu.

*Mvua imenyesha siku ya tatu na nimeshakula kila kitu chenye sukari.* Vaa koti utoke dakika ishirini, ulowe. Ukirudi, chemsha supu ya mboga ngumu zilizobaki. Ikiwa utabiri unaonyesha siku nyingine nne, hamisha gari. Lina magurudumu.

*Lengelenge.* Simama mguu unapoanza kuhisi joto, kabla ngozi haijajaa maji. Kausha, bandika plasta, badili soksi. Anayesema "nitavumilia hadi kambini" hukaa siku tatu bila kutembea.

*Tumbo limefunga na kichwa kinauma tangu nihamie kwenye gari.* Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na karibu kila mara nikimhoji mtu nagundua amepunguza kunywa maji ili tangi la choo lisijae. Usifanye hivyo. Kunywa kama ulivyokuwa ukinywa nyumbani, tumia vyoo vya kambi mchana, na tangi limwagwe mara nyingi zaidi.